Safu Iitwayo user_id: Uchambuzi wa Kisa cha GitHub na Rails, Machi 2012

Jumapili tarehe 4 Machi 2012, badiliko dogo liliingia katika tawi kuu la msimbo wa Ruby on Rails, kiunzi cha kujengea tovuti ambacho msimbo wake huhifadhiwa GitHub, tovuti ambako wasanidi hutunza msimbo wao. Lilikuwa faili moja fupi lisiloharibu chochote. Kilichowashtua waliolitazama ni mwenye badiliko lenyewe: Egor Homakov, kijana kutoka Urusi ambaye hakuwa miongoni mwa watu wenye ruhusa ya kuandika katika hazina ile ya msimbo. Hakuiba nenosiri la mtu wala hakuvunja usimbaji wowote. Alituma fomu ya kawaida ya kuhariri ufunguo wa umma, ile ile ambayo kila mwenye akaunti huitumia, ila aliongeza ndani yake kisanduku kimoja ambacho fomu haikuwa nacho.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha udukuzi. Hapa nakichukua kama kisa cha maamuzi mawili ya usanifu yaliyolenga jambo moja, yaani kumpunguzia msanidi programu kazi, na ambayo yalipokutana yalifungua mwanya ambao hakuna hata moja kati yake lingeweza kuufungua peke yake. Uamuzi wa kwanza ni kuvipa vitu vyote majina yanayotabirika. Uamuzi wa pili ni kuacha kila safu ya hifadhidata wazi kujazwa na mtumaji wa fomu hadi msanidi aseme vingine. Wa kwanza nitautetea. Wa pili ulikuwa kosa, na namna ulivyorekebishwa ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kusomwa kwa makini zaidi.

Rails ilitolewa kwa umma mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson, aliyeichopoa kutoka katika programu ya Basecamp aliyokuwa akiijenga. Zama zile, viunzi vingi vya lugha ya programu ya Java vilimtaka msanidi aandike mafaili marefu ya usanidi ya XML ya kueleza klasi ipi (kipande cha msimbo kinachowakilisha aina moja ya kitu) inahusiana na jedwali lipi la hifadhidata na safu ipi ya jedwali inabeba sifa ipi ya klasi. Rails iliikata kazi hiyo kwa kupatana juu ya majina mara moja kwa wote. Klasi iitwayo Article, kwa umoja, husoma jedwali liitwalo articles, kwa wingi. Ufunguo wa msingi wa kila jedwali huitwa id. Safu inayoelekeza kwa mtumiaji mwenye makala huitwa user_id. Safu ikiitwa created_at au updated_at, kiunzi chenyewe huijaza saa ya kuundwa au saa ya kubadilishwa bila kuambiwa. Jedwali linalounganisha majedwali mawili hubeba majina yote mawili kwa mpangilio wa alfabeti, kama articles_tags. Anayefuata desturi haandiki mstari hata mmoja wa usanidi. Anayetaka jina lake mwenyewe anaruhusiwa, ila analipia uhuru huo kwa kuandika.

Thamani ya desturi hii huonekana siku msanidi anapoingia katika mradi asioujua. Akiona klasi ya Invoice anajua jedwali lake bila kuuliza, anajua faili lake liko wapi, anajua ni safu gani inayoiunganisha na mteja, na akili yake inabaki huru kushughulikia kile ambacho mradi huo unacho peke yake. Timu nayo haipotezi mikutano kubishania kama safu iitwe userId, id_user au owner. Ni kweli kwamba desturi hubeba lugha ya aliyeiweka: msanidi akiita klasi yake Kitabu, Rails hutafuta jedwali liitwalo kitabus, kwa sababu kanuni zake za wingi ni za Kiingereza na hazijui ngeli, na itambidi atamke katika faili la inflections.rb kwamba wingi wa kitabu ni vitabu. Ni kero ndogo, lakini inaonyesha kitu ambacho kitarudi mbele katika kisa hiki. Kila chaguo-msingi, yaani kile kinachofanyika msanidi asipotamka vingine, lina mtu aliyefikiriwa wakati linaandikwa, na asiyefanana na mtu huyo ndiye anayelipa.

Sasa upande wa pili, yaani safari ya data kutoka kwenye fomu hadi kwenye hifadhidata. Katika Rails, visanduku vya fomu hupewa majina yenye mabano ya mraba, kama article[title] na article[body]. Fomu ikifika kwenye seva, kiunzi hukusanya visanduku vyote vyenye kichwa article na kuvifunga kama furushi moja la majina na thamani zake. Kisha msanidi huandika mstari wa namna hii, ambao wakati ule ulikuwa mtindo wa kawaida katika mafunzo ya Rails:

@article.update_attributes(params[:article])

Mstari huu unasema: lichukue furushi zima, kila jina lililomo litafutie safu yenye jina hilo hilo, uijaze. Huu ndio ujazaji wa mkupuo. Fomu yenye visanduku ishirini huhudumiwa na mstari mmoja, na kesho kikiongezwa kisanduku cha ishirini na moja, mstari haubadiliki. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu waliupenda. Desturi ya majina ndiyo iliyouwezesha, kwa kuwa jina la kisanduku, jina la sifa ya klasi na jina la safu katika jedwali ni jina moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kasoro yake ni kwamba seva haijui, wala haina njia ya kujua, kama furushi lililofika lilijazwa kwa fomu aliyoichora msanidi. Fomu ya HTML ni pendekezo linalotumwa kwenye kivinjari. Kinachorudi ni maandishi tu, na mtumaji anaweza kuyaandika atakavyo, akapunguza visanduku au akaviongeza, bila hata kuufungua ukurasa wenyewe.

Fomu ya GitHub ilikuwa ya kuhariri ufunguo wa umma, yaani ile nusu ya jozi ya funguo ambayo mtumiaji huiacha kwenye seva ili seva imtambue anapotuma msimbo wake. Mtumiaji alitarajiwa kubadilisha ufunguo na jina alilouita, basi. Homakov aliongeza kisanduku kilichoitwa public_key[user_id], akakijaza namba ya akaunti ya Rails badala ya namba yake, akatuma. Seva ilifanya kama ilivyofundishwa: ikaliona jina user_id, ikalitafutia safu, ikaipata, ikaandika. Ufunguo ule ukawa mali ya akaunti ya Rails, na tangu dakika hiyo kila aliyeshika nusu yake ya siri alitambuliwa kuwa mwenye haki ya kuandika katika hazina. Hakukuwa na ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa macho ya kiunzi hakuna kosa lililotendeka.

Alijuaje kwamba safu ile inaitwa user_id? Hakuhitaji kuuona msimbo wa GitHub. Ilijulikana wazi kwamba GitHub imejengwa kwa Rails, na katika Rails kitu cha mtumiaji huelekeza kwa mwenyewe kupitia safu ya user_id. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametumia created_at kwa njia hiyo hiyo, akafungua katika hazina ya Rails hoja, yaani ripoti ya tatizo, yenye tarehe ya miaka elfu moja hivi mbele. Majina haya mawili hayakuvuja popote. Yamo katika mwongozo rasmi wa kiunzi, na kila anayejifunza Rails huyasoma katika wiki yake ya kwanza.

Hapa ndipo desturi ya majina na ujazaji wa mkupuo vinapokutana, na hapa pia ndipo wasomaji wengine wa kisa hiki huhitimisha vibaya. Husema kwamba kama majina yanayotabirika yalimsaidia mshambuliaji, basi safu za hatari zipewe majina yasiyo rahisi kukisiwa. Siafiki hata kidogo. Jina la safu si siri inayotunzika: huchungulia katika majibu ya JSON (maandishi ambayo seva hutumia kubadilishana data), hutokea katika ujumbe wa makosa, na hubaki kichwani mwa kila aliyewahi kufanya kazi katika mradi. Gharama ya kulificha, kwa upande mwingine, hulipwa kila siku na timu yenyewe. Linalotakiwa ni kwamba kiunzi kinachotangaza majina ya safu zake kwa dunia nzima kiwe na chaguo-msingi linalomchukulia mtumaji wa fomu kuwa anayajua majina yote. Rails ilikuwa imefanya nusu ya kwanza ya kazi hiyo ikaiacha ya pili.

Haikuiacha kabisa, na kwa haki lazima isemwe hivyo. Kinga ilikuwapo. Msanidi aliweza kuandika attr_accessible ndani ya klasi na kuorodhesha safu zinazoruhusiwa kujazwa kwa mkupuo, au attr_protected na kuorodhesha zinazokatazwa. Mwongozo wa usalama wa Rails uliieleza hatari hii kwa lugha isiyo na utata. Lakini klasi isiyo na tamko lolote kati ya hayo ilikuwa wazi kwa karibu safu zake zote, na hilo ndilo lililokuwa chaguo-msingi.

Siku chache kabla ya tukio, Homakov alifungua hoja katika hazina ya Rails akiuliza ni vipi wasanidi wanaweza kulazimishwa kutaja safu zinazoruhusiwa. Alijibiwa kwamba kulinda safu ni jukumu la anayeandika programu, na hoja ikafungwa. Majibu yale hayakuwa ya watu wasiojali. Kubadilisha chaguo-msingi la kiunzi kinachotumika na maelfu ya tovuti ni kuzivunja programu zilizokuwa zikifanya kazi jana, na ni kumwekea mwanafunzi kizingiti katika somo lake la kwanza, pale anapopaswa kuona fomu yake ikihifadhi data na kufurahi. Hayo ni mambo mazito, na kila mtunza kiunzi hukabiliana nayo. Lakini jibu lile lilikuwa na dhana ndani yake, nayo ni kwamba msanidi aliyeelimishwa hatasahau.

GitHub iliibomoa dhana hiyo. Wahandisi wake walikuwa miongoni mwa watumiaji wazoefu zaidi wa Rails duniani, na msimbo wa Rails wenyewe ulikuwa ukiishi katika seva zao. Kama watu hao waliweza kuisahau fomu moja, hoja ya kwamba elimu inatosha haikuwa tena na pa kusimama. Huwezi kumtaka mwanafunzi wa mwezi wa pili awe mwangalifu kuliko wao, kwenye kila klasi, kila mara, kwa miaka yote ya uhai wa programu.

Kuhusu tendo lenyewe la Homakov, maoni yangu ni mafupi. Kuandika katika hazina ya wengine bila ruhusa hakukuwa haki yake, hasa kwa kuwa siku mbili kabla alikuwa ameiripotia GitHub mwanya mwingine kwa njia ya kistaarabu na ukazibwa. GitHub iliufuta ufunguo, ikaisimamisha akaunti yake na baadaye ikairudisha. Ikaeleza hadharani kwamba chanzo kilikuwa kutokagua vigezo vya fomu. Kisha katika wiki ile ile ikawataka watumiaji wake wote wakague funguo zao na kuzithibitisha upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha ukubwa wa jambo. Mwanya wa namna hii hauachi alama, kwa hiyo hakukuwa na njia rahisi ya kumhakikishia mtu kwamba hakuna ufunguo mwingine wa mgeni uliokuwa umekaa kimya kwenye akaunti yake.

Marekebisho ya Rails yalikuja kwa awamu mbili, na tofauti kati yake ni muhimu. Toleo la 3.2.3, lililotoka mwishoni mwa Machi 2012, liliwasha mpangilio uitwao whitelist_attributes, unaofunga safu zote hadi zitajwe, lakini liliuwasha katika faili la usanidi linalozalishwa wakati wa kuunda programu mpya. Programu iliyokuwapo tayari ikipandishwa toleo haikuguswa. Ni suluhisho la heshima kwa wenye programu za zamani, na wakati huo huo linawaacha hao hao, wenye data nyingi zaidi na watumiaji wengi zaidi, mahali pale pale walipokuwa.

Awamu ya pili ilikuwa toleo la 4.0, Juni 2013. Humo orodha ya ruhusa ilitolewa ndani ya klasi ya data ikahamishiwa kwenye kidhibiti, yaani pale ambapo fomu hupokelewa:

params.require(:article).permit(:title, :body)

Uhamisho huu ulikuwa wa busara, kwa sababu swali la nani anaruhusiwa kujaza safu gani haliwezi kujibiwa na jedwali. Msimamizi anayehariri akaunti ya mtu anaweza kubadilisha cheo chake. Mwenye akaunti, akihariri akaunti hiyo hiyo, hawezi. Fomu ni mbili, safu ni ile ile. Lakini kilichobadilika zaidi ni kinachotokea msanidi anaposahau. Akiandika mstari wa zamani, akalipeleka furushi zima bila kulichuja, Rails haihifadhi chochote: hutupa kosa liitwalo ForbiddenAttributesError, na programu inasimama mbele yake palepale kwenye kompyuta yake, kabla mtumiaji yeyote hajaiona.

Nadhani hapa ndipo kilipo kiini cha kisa. Chini ya chaguo-msingi la zamani, hatari ilikuwa katika mstari ambao haukuandikwa. Mtu anayekagua msimbo wa mwenzake husoma yaliyoandikwa. Jicho halikwami pasipo na kitu, na hakuna neno la kutafuta unapotafuta kutokuwapo kwa neno. Klasi salama na klasi ya hatari zilitofautiana kwa pengo, na pengo halionekani katika mabadiliko ya msimbo, halitoi onyo, wala haliangushi jaribio lolote, maana majaribio nayo hutuma visanduku vilivyokusudiwa tu. Chini ya chaguo-msingi jipya, anayesahau hupata fomu isiyofanya kazi. Anayetaka hatari lazima aiandike.

Viunzi vingine vimefika pale pale kwa njia zao. Laravel hufunga safu zote za modeli, yaani klasi ya data, hadi msanidi azitaje katika $fillable, au aandike kwa mkono kwamba $guarded ni orodha tupu. Django ilikuwa na tabia inayofanana na ya Rails katika fomu zake zinazotokana na modeli: ukiziacha bila orodha ya safu, zilichukua safu zote zinazoharirika, zikiwamo zile zitakazoongezwa mwaka ujao na mtu asiyejua kwamba fomu ile ipo. Toleo la 1.6 la mwaka 2013 lilianza kuonya juu ya hilo, na tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015 fomu isiyotaja safu ni kosa. Anayezitaka zote anaweza bado kuzipata, kwa kuandika '__all__'. Nalipenda sana suluhisho hili la Django, kwa sababu halikumnyima mtu uwezo wowote. Lilimtaka aseme tu. Hata hivyo mwanya wenyewe haukwisha. OWASP, shirika la usalama wa programu, katika orodha yake ya mwaka 2019 ya hatari kumi za API (milango ambayo programu hutumia kuzungumza na programu nyingine), iliupa ujazaji wa mkupuo nafasi yake yenyewe, na si ajabu, kwa kuwa seva nyingi za API huandikwa bila kiunzi chenye mlinzi wa namna hii, na furushi la JSON humiminwa moja kwa moja katika hifadhidata.

Tatizo la programu za zamani lilibaki wazi kwa Rails kwa miaka kadhaa, na lilipopata jibu lilikuwa jibu la jumla. Tangu toleo la 5.1, faili la usanidi hubeba mstari config.load_defaults unaofuatwa na namba ya toleo, na namba hiyo hueleza programu inafuata machaguo-msingi ya toleo gani. Kiunzi chenyewe kinaweza kuwa cha 7.1 huku machaguo yakiwa bado ya 5.2, na pengo hilo linasomeka kwa mtu yeyote anayefungua faili. Ninapopewa mradi wa Rails kuukagua, mstari huo ndio wa kwanza kuusoma, kabla ya kuangalia klasi hata moja, kwa sababu unaniambia ni kinga zipi ambazo wenye mradi wanadhani wanazo na hawana.

Hatua yangu ya pili ni kutafuta permit!, lenye alama ya mshangao. Ni njia ambayo Rails inampa msanidi kuruhusu kila kitu kilichomo katika furushi, yaani kurudi Machi 2012 kwa hiari yake. Katika desturi ya majina ya Ruby, lugha iliyotumika kuandika Rails, alama ile mwishoni mwa jina la tendo humwonya msomaji kwamba tendo hili ni kali kuliko ndugu yake asiye nayo. Utafutaji huchukua sekunde moja. Kila mahali neno hilo linapojitokeza nauliza maswali mawili, nani anaweza kufikia fomu hii na jedwali lake lina safu gani, na mara nyingi swali la pili huanza kujibiwa na safu iitwayo user_id.